Mrina Aliyekataa Kuapa

Wachache waliobaki wanaomkumbuka Mrina humkumbuka akiwa amesimama kwa kichwa. Ni kweli alisimama kwa kichwa, nyuma ya nyumba yake, miguu juu, shati limemwangukia kidevuni, na watoto wa safu nzima wamejipanga kumtazama kama wanaongoja sinema ya bure. Mimi nikimkumbuka naona mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa ya mtu wa porini, yenye mabaka ya miiba ya nyuki, na kwa miaka yote niliyoishi jirani naye sikuiona ikimpiga mke, mtoto, mbwa, wala mbuzi wangu, ambaye Mungu anajua alistahili. Naanza na mikono hiyo kwa sababu niliipenda na niliichukia, na mpaka leo sijaamua.

Alikuwa mrina asali, na jina la kazi ndilo lililobaki. Hata mkewe, Kalunde, alimwita hivyo akiwa na hasira naye. Tulikuwa Misunkumilo, ukingoni mwa mji wa Mpanda, katika miaka ile ya sabini tulipotolewa kwenye maboma yetu yaliyotawanyika tukaambiwa tujenge kwa safu. Nyumba zetu zilipakana hata mtu akikohoa kwao mimi nilisema pole. Nilikuwa mjane mwenye binti mmoja, Skola, na Kalunde alikuwa rafiki yangu wa kisimani na wa shambani. Nayajua haya kwa masikio na kwa macho, na mengine kwa kumdadisi Kalunde, maana sikuwa mtu wa kuacha jambo lipite.

Yoga hiyo ya kusimama kwa kichwa aliipatia mjini. Ujanani alibeba madebe ya asali na nta kwenye duka moja la Wahindi, na baba wa mwenye duka, kikongwe aliyeitwa Babu na watu wote, alikuwa akikaa kwenye mkeka uani kila alfajiri, macho amefumba. Mrina alifagia ua huo. Siku moja kikongwe alimwonyesha nafasi kwenye mkeka, naye akaweka ufagio chini akakaa. Familia ile ilipofunga duka na kupanda treni, alikuwa amekwishachukua kwao namna ya kuvuta pumzi, mikao ya kila aina, na neno moja, ahinsa, alilotueleza kuwa ni kutodhuru. Sisi tulisikitika kwamba hawakumwachia mzani.

Watu walidhani habari yote hiyo ni kuacha nyama, kwa kuwa wenye duka hawakula nyama. Yeye alikula. Si mara nyingi, lakini msibani au harusini akiwekewa kipande alikila, akisema mwenye nyumba ameshahangaika kukitafuta na kumrudishia ni kumpiga usoni. Nyumbani walikula maharage na kisamvu. Nilimtania kwamba Babu akisikia atamnyang'anya mkeka.

"Shemeji, kuacha nyama ni kazi ya mdomo wakati wa kula tu," alinijibu. "Mdomo huo huo ukishiba unaanza kusema watu. Hapo ndipo kazi ilipo."

Na kweli, tukianza kumjadili mke wa fulani barazani, alinyanyuka na kigoda chake akaenda zake. Ilituudhi. Tulimwona anajidai, na mimi ndiye niliyelisema hilo kwa sauti. Lakini niligundua kwamba akiwa karibu nilisema machache, na hayo machache sikuwahi kuyaombea radhi.

Msidhani alikuwa mpole. Mpole namjua, alikuwa marehemu mume wangu, aliyekuwa hata kuku wakimwibia mtama anawapisha. Mrina alikuwa na hasira ya haraka, ya kutetemesha midomo. Siku mbuzi wangu alipomaliza kunde zake, alinijia amekunja ngumi, mishipa ya shingo imesimama, akafungua kinywa, akakifunga, akageuka. Nilipochungulia nyuma ya nyumba nilimkuta amesimama kwa kichwa. Alikaa hivyo mpaka uso ukaiva, kisha akaja kuniomba nimfunge mbuzi, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Nilicheka hadi nikakaa chini, na tangu siku hiyo mbuzi alifungwa.

Alikuwa na upande mwingine ambao kicheko hakikufaa. Akikasirika na Kalunde hakusema neno, na kutosema huko kuliweza kuchukua siku nzima, sahani ikiwekwa na kuondolewa kimya. Kalunde aliniambia, "Dada, afadhali angenipiga kofi moja tukamaliza." Alisema kama utani, lakini macho hayakuwa ya utani. Maneno hayo yalimfikia mumewe, sijui kwa njia gani, nami sikuyapeleka. Asubuhi nilimsikia kupitia ukuta akimwambia mkewe kuwa ameona, kunyamaza kwake nako ni fimbo, na kwamba atajifunza kuiweka chini. Alijitahidi. Kuna siku alishinda, kuna siku alishindwa.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kwa siri, kwa sababu ya mgongo. Msimu wa kupanda ulikuwa ukiniacha siwezi kujinyoosha. Alinikalisha kwenye mkeka wa ukindu, Kalunde pembeni akijiziba mdomo asicheke, akaniambia ninyooshe miguu niinamie magoti. Nilitaka niguse vidole siku hiyo hiyo. Nikajilazimisha, nikavuta, machozi yakanilengalenga.

"Acha kukaza meno," alisema. "Ukiona umekaza meno, ujue umeshaanza kujipiga."

"Nani anapiga? Mimi najinyoosha."

"Unampiga huyo mwenye mgongo. Amekukosea nini? Kakulimia shamba."

Nililegeza taya, na mgongo ukashuka kidogo wenyewe. Bado nafanya hivyo hadi leo, mlango nimefunga.

Kwa nyuki alikuwa hivyo hivyo. Warina wengine walipanda mtini na mwenge unaowaka, wakaupiga mzingani, nyuki wakaungua na watoto wao, na asali ikashuka na majivu na mabawa. Yeye alifunga kifurushi cha maganda makavu kinachotoa moshi bila ndimi za moto, akapanda kwa kamba taratibu, akivuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Alisema nyuki wanamsikia mtu anavyopumua kabla hawajamwona. Masega yenye watoto aliyaacha. Akidungwa alikwangua mwiba kwa ukucha na kusikitika, kwa sababu nyuki akishadunga hufa. Mara moja alishuka porini na pua imevimba kama kiazi. Kalunde na mimi tulicheka, naye alituambia, bila kucheka, kwamba kuna kiumbe kimekufa kwa ajili ya pua yake.

Asali yake tuliitambua bila kuambiwa, kwa sababu haikuwa na majivu. Katika miaka ile sukari ilipokuwa ya kuulizana kwa minong'ono, uji wa safu yetu wote ulikoleshwa na vibuyu vyake.

Sasa nifike kwenye dawa, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu mzinga uko msituni, mbali na mwenyewe, na ulinzi wake ni dawa. Mrina hufunga kitu chini ya mzinga, mzizi, kitambaa, jino la mnyama, na kila mtu anajua kwamba atakayeiba atavimba tumbo au atapotea porini. Mrina wetu hakufunga kitu. Kalunde alimsihi, ndugu zake walimsihi, nami niliongeza sauti yangu. Alisema dawa ya kumvimbisha mwizi ni mkuki, tofauti ni kwamba anayeutupa amelala kwake.

"Mwizi naye ana tumbo," alisema.

"Na sisi tunayo," alijibu Kalunde.

Aliibiwa, kwa hiyo. Akikuta mzinga umechomwa alirudi mikono mitupu, akapiga magoti kwenye mkeka na kukaa. Nilimwuliza anafikiri nini hapo. Akasema amekwishamuua mwizi mara nyingi kichwani, na anajaribu kumwacha hai.

Kiangazi kimoja Mrina alitoka porini na mtu mgongoni. Tulidhani mgonjwa. Alikuwa Maganga, kijana wa mwisho wa safu yetu, mtoto pekee wa Mama Maganga, naye alikuwa amekufa tangu jana yake. Mrina alimkuta chini ya mti wenye mzinga wake, shingo imevunjika, mwenge umezimikia kwenye majani. Alikuwa amepanda kuiba, nyuki wakamvaa, akaanguka. Mrina angeweza kumwacha akaja kuwaita watu, na mtu mwenye akili za kujilinda angefanya hivyo. Yeye alimfunga kwa kamba yake ya kupandia na kumbeba njia nzima, akamlaza mlangoni kwa mama yake.

Kilio kile nakisikia bado.

Siku zilizofuata watu walifikiri, na walivyofikiri ndivyo watu wa kwetu tu wangeweza kufikiri. Walisema: mrina gani asiyefunga dawa? Hayupo. Basi huyu anayo ambayo haionekani, na isiyoonekana ni kubwa kuliko zote. Wakakumbuka mkeka. Wakakumbuka macho yaliyofumbwa alfajiri na pua inayozibwa upande mmoja wakati wa kupumua. Watoto waliokuwa wakishangilia miguu yake juu waliambiwa wasipite tena nyuma ya nyumba ile. Kutodhuru kwake kote, mwaka baada ya mwaka, kuligeuka ushahidi.

Mama Maganga hakufikiri. Aliumia. Kila asubuhi akimwaga maji ya kunawa mlangoni alimlaani Mrina kwa sauti, akamtaja, akamtaja tena, akaingia ndani. Kalunde alikuwa akifagia wakati huo na alisikia kila neno.

Kulikuwa na njia ya kujisafisha. Mzee mmoja wa upande wa mtoni alikuwa na maji ya kiapo. Anayeshtaki na anayeshtakiwa wanakunywa kibuyu kimoja, wanasema lao, na mwongo kati yao hatamaliza mvua zinazofuata. Siku ya kiapo Wakatoliki wengi tulikuwa pale, tumetoka misa ya asubuhi, na hakuna aliyeondoka. Kalunde alivaa kitenge chake kizuri. Alijua mumewe hana hatia, na alijua kwamba baada ya maji hayo wataishi tena na watu.

Mama Maganga alinyoosha mkono kupokea. Mrina hakunyoosha.

"Maganga sikumuua," alisema. "Nilimkuta amekufa nikambeba. Lakini maji hayo sinywi."

"Kama hukumuua unaogopa nini?" mzee aliuliza.

"Yanamfuata mwongo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nasema kweli. Sasa yatamfuata nani?"

Macho yetu yote yakaenda kwa Mama Maganga, aliyekuwa amesimama na mkono wake mkavu mbele. Mrina alisema mama huyo hadanganyi, amefiwa tu, na yeye hawezi kunywa maji juu ya kichwa cha mtu aliyefiwa. Nilifikiri sijapata kusikia neno zuri kama hilo. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Amekataa," na hilo ndilo lililotembea mpaka Mpanda mjini.

Usiku kuta za tope hazifichi kitu. Lakini Kalunde hakungoja usiku. Alimsemesha uani, mchana, mimi nikipepeta mahindi, wala hakujali kwamba nipo.

"Kesho nenda ukanywe."

"Siwezi."

"Kwa Mama Maganga una huruma. Mimi je? Mimi siyo mtu?"

"Wewe ni mimi," alisema. Najua alimaanisha neno kubwa la upendo.

Kalunde alimtazama. "Basi umekaza meno," alisema. "Unajipiga."

Mrina alikuwa mtu wa majibu, na hapo alishika tu ukingo wa mkeka.

Wazee walimwambia aondoke kabla vijana hawajaamua wenyewe. Alitaka kwenda na Kalunde. Kalunde akakataa. Alisema wakiondoka wote watu watasema wachawi wamekimbia, na yeye atakaa hapo, wamwone akipika na kufagia mpaka wachoke. Alikuwa na kiburi, rafiki yangu, na kiburi ndicho kilichokuwa kimembakia. Mumewe alishika njia ya magharibi na mkeka begani. Mara mbili alileta kibuyu cha asali kwa mkono wa utingo wa lori, na mara zote mbili Kalunde aliniletea nusu.

Watu hawakuchoka. Kalunde akifika kisimani wanawake walichukua ndoo zao hata kama hazijajaa. Hakuna aliyekuja kuomba moto kwake wala aliyempa. Nilikaa naye, nilikula kwake hadharani, nikatukanwa kwa hilo nami nikatukana vizuri zaidi. Mtu mmoja hatoshi kuwa kijiji. Mvua ilipokuja, homa ilimkamata. Nilizunguka safu nzima naomba wanaume wa kubeba machela kumpeleka hospitali, na kila mwanaume niliyemwendea alikuwa na mguu unaomwuma. Mimi na Skola tulimfunga kwenye baiskeli kwa kanga, tukaisukuma kwenye tope. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu, na nilihisi kilipoongezeka uzito. Hatukuwa tumefika hata kwenye reli.

Tulimzika watu wachache, na katekista alisoma haraka. Nilituma habari magharibi kwa utingo yule yule. Sikujua kama ilifika.

Nilimwona Mrina mara moja tena, muongo ule ukielekea kwisha, vijana wakiwa wameanza kurudi kutoka vitani Uganda. Dada yangu alikuwa amejifungua Kasekese, nikapata lori lililopeleka mahindi Mishamo kwa wakimbizi, likanishusha njia panda. Kwa dada yangu uji ulikuwa na asali. Niliilamba kidoleni nikauliza imetoka wapi, nikaelekezwa njia ya porini.

Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, anakwangua gome la mzinga mpya. Nyumba ilikuwa ya mtu mmoja, jiko moja, kigoda kimoja. Alinitambua kwa mwendo. Alinipa kigoda, akaniletea maji kwa mikono miwili, akachuchumaa mbele yangu.

"Shemeji," alisema, "Mama Maganga hajambo?"

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena. Safari yote hiyo, na swali lake la kwanza ni hilo.

"Mzima," nilisema. "Anakula, anatembea, anakulaani kila asubuhi. Kalunde amekufa. Mvua za mwaka ule ule ulioondoka. Hakuna aliyekubali kumbeba."

Habari haikuwa imefika. Niliona kwenye uso wake kwamba haikuwa imefika. Alijaribu kuvuta pumzi kama alivyonifundisha, ndefu, kutoka chini, ikakwama njiani. Akajaribu tena ikakwama. Aliitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini.

"Huyo ndiye niliyempiga," alisema.

Ningeweza kumwambia hapana. Ndilo neno ambalo mtu humwambia aliyefiwa, na lilikuwa tayari mdomoni. Sikulisema, kwa kuwa Kalunde hakuwepo kulisema mwenyewe. Baadaye, jua likishuka, nilimwuliza kama yale maji ya kiapo aliyaamini kweli.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa sijui. Sasa mtu asiyejua angemnyweshaje mama yule?"

"Na ungejua haya ya Kalunde?"

Hakujibu, na safari hii kunyamaza kwake hakukuwa fimbo kwa mtu yeyote ila yeye. Mkeka wake niliuona umekunjwa juu ya dari la kuni, umejaa vumbi. Nilipoaga alinipa vibuyu viwili. Kimoja changu. Kingine, alisema, cha mama yule, kwa kuwa ni mzee na sukari haipatikani.

"Akiuliza kimetoka wapi?"

"Mwambie kweli. Asipouliza, mwache ale."

Njiani niliwaza kukitupa. Ningekitupa, nawaambia, kama si kwamba mikono yangu ilikataa. Nilikipeleka kwa Mama Maganga jioni niliyofika, nikakiweka mbele yake bila salamu ndefu. Alitia kidole akalamba, akatia tena.

"Haina majivu," alisema.

Nikangoja aulize. Hakuuliza. Alikishika kibuyu kifuani kwa mikono yake mikavu, tukakaa hivyo mpaka kukawa giza, nikaenda kulala.

Asubuhi nilisikia mlango wake, nikasikia maji yanamwagwa, nikangoja jina. Halikuja. Siku iliyofuata pia halikuja, wala siku yoyote mpaka alipokufa. Kumbe iliwezekana. Wakati wote ule Kalunde akifagia na kusikiliza, iliwezekana. Watu walisema Mungu amemtuliza mama wa watu, wakafurahi, na mimi niliambiwa nifurahi. Nilichukua jembe dogo nikaenda kwenye kaburi la Kalunde nikapalilia, na kila nilipogundua nimekaza meno niliyalegeza, yakakaza tena.